Samoni wa porini: jumla inadanganya

Mhariri,

Makala yenu yanasema samaki aina ya samoni wa porini (wasiofugwa) bado ni tele. Tele wapi? Kweli, mwaka 2022 ghuba ya Bristol Bay, jimboni Alaska, Marekani, ilivunja rekodi: samoni wekundu zaidi ya milioni 70 walirudi. Lakini katika jimbo hilohilo, kwenye Mto Yukon, unaotokea Kanada, uvuvi wa samoni aina ya chinuki ulisimamishwa 2024 kwa miaka 7, kwa makubaliano na Kanada. California nayo ilifunga uvuvi wa samoni wa kibiashara 2023. Norway, kinara wa ufugaji wa samoni kwenye vizimba, ilifunga uvuvi wa samoni katika mito 33 katikati ya msimu wa 2024.

Mkiandika tena, tupeni takwimu za mto kwa mto na aina kwa aina.

Msomaji wenu