Kumbukumbu pepe si diski tu

Mhariri,

Ukurasa wenu wa teknolojia wa Jumamosi iliyopita umeeleza kwamba kumbukumbu pepe ni kipande cha diski kinachoazimwa RAM, kumbukumbu ya kazi ya kompyuta, ikijaa. Mjukuu wangu alisoma akacheka. Mimi sikucheka, maana miaka yote ya ukarani wa barua nilikuwa nikiifanya kazi hiyo bila kujua jina lake.

Hapa Kigoma tumezoea barua ije kwenye S.L.P., si mlangoni. Namba ya sanduku haisemi kama unakaa Mwanga, Gungu au Ujiji, na ukihama nyumba mara tatu namba ni ile ile. Anayejua sanduku ni la nani ni karani na daftari lake. Programu nayo hupewa anwani za namna hiyo, anwani pepe (msichanganye na barua pepe), na prosesa hufungua jedwali la kurasa kuona kila ukurasa wa baiti 4,096 umekaa wapi kwenye RAM. Hiyo ndiyo kumbukumbu pepe. Diski huingia pale nafasi inapokosekana. Ni kweli mashine ya Atlas kule Manchester, mwaka 1962, ilisukumwa na shida hiyo hiyo ya nafasi, kwa hiyo mwandishi wenu hakukosea kabisa. Ila kompyuta ya leo yenye RAM ya kumwaga, isiyoazima hata baiti moja ya diski, bado inatumia kumbukumbu pepe muda wote.

Mjukuu anaandika keneli yake mwenyewe (kiini cha mfumo, kinachosimamia programu na kumbukumbu), ndogo tu. Anaiendesha ndani ya QEMU, programu inayoigiza kompyuta nzima, kwenye kompyuta mpakato iliyopasuka kioo. Mwezi uliopita aliniita usiku nione majaribio yake. Alikuwa ameunganisha anwani pepe mbili na fremu moja ya RAM (nafasi ya ukurasa mmoja), akaandika herufi A kupitia ya kwanza, akasoma kupitia ya pili: A. Masanduku mawili, mwenyewe mmoja. Mistari mitano ya kijani, yaani majaribio yote yamepita. Nikamuuliza, sanduku likishafungwa, barua yake inakwenda wapi?

"Hilo sijalijaribu, babu."

Akalijaribu. Akafuta uunganisho, akasoma tena anwani ile, akitegemea prosesa igome na kutoa hitilafu namba 14, ya ukurasa usiofikika. Haikugoma. Ikamrudishia A kana kwamba hakufuta kitu.

Ugonjwa huo niliwahi kuugua. Karani mzoefu hafungui daftari kila mara, namba anazo kichwani. Mteja mmoja alirudisha ufunguo, sanduku akapewa mwalimu mgeni, daftari likaandikwa vizuri kabisa. Kifurushi cha mwalimu kilipofika nikamkabidhi yule wa zamani dirishani, tena kwa tabasamu. Prosesa nayo ina kichwa chake, inakumbuka tafsiri za karibuni, na kufuta mstari kwenye jedwali hakuisahaulishi. Keneli lazima iiambie, kwa amri ya invlpg. Alipoiongeza, prosesa ikagoma kweli, na dirisha la QEMU likawa linazima na kuwaka, linazima na kuwaka, kwa kuwa hakuwa ameandika pa kuupokea mgomo. Siku mbili ziliishia hapo: asome rejista ya CR2 (kijisanduku ndani ya prosesa) ajue anwani gani imekataliwa, ahakikishe ndiyo aliyoitegemea, kisha airuke amri iliyogoma ili majaribio yaendelee.

Makala yenu haikufika huku, na huku ndiko kwenye kazi. Wasomaji wenu wana pesa kwenye simu. Kinachouzuia mchezo aliopakua mtoto usichungulie kumbukumbu ya programu ya benki ni majedwali hayo hayo, na anayeyajaribu kwa kuangalia yanayokubali tu hajajaribu kitu.

Sasa kijana amekwama kwingine. Ukurasa aliouwekea alama ya kusomwa tu, keneli yake inauandikia na hakuna anayepiga kelele. Sababu ameipata: prosesa za x86, familia ya Intel na AMD, humwachia mkuu wa ofisi, yaani keneli, aandike hata pasiporuhusiwa, mpaka mkuu ajifunge mwenyewe kwa kuwasha biti ya 16 ya rejista ya CR0. Amesema ataiwasha leo jioni akitoka sokoni.

Mkichapa masahihisho, naomba yasiwe yale ya mistari miwili chini ya matangazo ya vifo.

Karani Mstaafu,
Mwanga, Kigoma