Kompyuta ya Kaunta Inapoteza Mtandao? Iulize Kadi Kabla ya Kununua Kebo

Mama mmoja anayeuza dagaa kwa jumla pale Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, alitupigia asubuhi huku wateja wamejaa mlangoni. Kompyuta ya kaunta ilikuwa haiioni kompyuta ya ofisini inayotunza hesabu za stoo. Kijana wake alichomoa kebo, akaichomeka tena, mtandao ukarudi. Ikikaa kidogo bila kazi, unapotea tena. Kabla ya kutuita alikuwa ameshanunua kebo mpya mara mbili na swichi (kile kisanduku kinachounganisha kebo za kompyuta) mara moja, kila fundi na ushauri wake. Tatizo lilibaki palepale, kwa sababu halikuwa kwenye kebo. Kadi ya mtandao ndani ya kompyuta ilikuwa inasinzia na haiamki vizuri.

Inatuuma kuona mtu mwenye mtaji wa kuhesabu akitoa hela kwa kubahatisha. Kadi ya mtandao inajua mengi kuhusu hali yake, na inajibu ikiulizwa. Kwenye Windows, kuanzia toleo la 8 lililotoka mwaka 2012, unaiuliza kwa PowerShell, dirisha la kuandikia amri. Bofya kitufe cha kuanzia, andika PowerShell, ifungue kwa haki za msimamizi, kisha andika:

Get-NetAdapter

Utaona orodha ya kadi zote: jina la kila moja, kama imeunganishwa au la, na upande wa kulia safu ya LinkSpeed. Safu hiyo ndiyo tunayoitazama kwanza tukifika kwa mteja. Kama kadi na swichi zote zina uwezo wa Gbps 1 (yaani Mbps 1000), na hapo panasomeka 100 Mbps, shuku waya. Kebo ina jozi nne za nyuzi. Kasi ya 100 hutumia jozi mbili tu, lakini Gbps 1 hutaka zote nne. Uzi mmoja ukikatwa na panya darini, au kichwa kikibanwa vibaya, kadi na swichi mara nyingi hukubaliana kushuka hadi 100 na kazi inaendelea. Hakuna anayeona kosa, ila kunakili faili kubwa kunachukua muda mara kumi. Hapo amri haitibu kitu: kata kichwa, bana kipya, pima tena.

Tuseme na hili waziwazi, maana wateja wengi hutuita wakitaka “kuongezewa intaneti”. Kama kifurushi unacholipia ni cha Mbps 20, kadi kupanda kutoka 100 hadi 1000 hakutakuongezea chochote kwenye intaneti. Utaona tofauti pale kompyuta zako zinapopeana mafaili zenyewe kwa zenyewe, au zinapotumia programu ya mauzo iliyo kwenye seva ya ofisini. Kama ofisi yako ina kompyuta moja na ruta, huenda hutuhitaji kabisa kwa jambo hili.

Turudi Mwaloni. Kasi ilisomeka sawa, Gbps 1, kwa hiyo waya ulikuwa mzima. Swali la pili ni hili (kama kadi yako haiitwi "Ethernet", weka jina lake kama lilivyo kwenye orodha ya kwanza):

Get-NetAdapterAdvancedProperty -Name "Ethernet"

Inatoka orodha ndefu ya mipangilio ya ndani, kila mmoja na thamani yake ya sasa. Kabla ya kugusa hata mmoja, tunaihifadhi yote kwenye faili:

Get-NetAdapterAdvancedProperty -Name "Ethernet" | Export-Csv C:\Users\Public\kadi-kabla.csv

Fundi akiruka hatua hii, msimamishe. Ni sekunde tano, na ndiyo njia ya uhakika ya kurudi mlikotoka kama mabadiliko yataharibu.

Kwenye orodha ile tulikuta Energy-Efficient Ethernet imewashwa. Huo ni utaratibu wa kuokoa umeme uliopitishwa na IEEE, chama cha wahandisi kinachoweka viwango vya mitandao, mwaka 2010, kwa jina la 802.3az. Pasipo data ya kupita, pande mbili za kebo hupunguza umeme na kupumzika, kisha huamshana kufumba na kufumbua. Wazo lenyewe ni zuri. Shida huja pale kadi na swichi zisipoelewana namna ya kuamshana: upande mmoja unadhani mwenzake ameondoka, muunganisho unakatika. Ukichomoa kebo na kuichomeka, zinaanza mazungumzo upya, ndiyo maana dawa ya yule kijana ilikuwa ikifanya kazi kwa muda. Tulizima:

Set-NetAdapterAdvancedProperty -Name "Ethernet" -DisplayName "Energy-Efficient Ethernet" -DisplayValue "Disabled"

Jina la mpangilio linatoka kwa mtengenezaji wa kadi, si kwa Windows. Realtek wana namna yao ya kuliandika, Intel yao. Linakili kama lilivyo kwenye orodha yako, kistari kwa kistari, la sivyo amri itakataa. Sehemu ya pili ya kuangalia ni ruhusa ya Windows kuizima kadi ili kuokoa umeme; hiyo huondolewa ndani ya Device Manager (orodha ya vifaa vya kompyuta kwenye Windows), kwenye ukurasa wa Power Management wa kadi hiyo. Kwa kompyuta ya kaunta inayoshinda kwenye umeme tangu asubuhi, hatuoni sababu ya kuiruhusu kadi yake ilale.

Mpangilio unaotupa kazi nyingi kuliko wote, na ambao karibu kila mara umeharibiwa na mkono wa mtu, ni Speed & Duplex. Kiwandani huwa umewekwa Auto Negotiation, yaani kadi na swichi zikubaliane zenyewe. Anakuja mtu, anaona kuna chaguo la 100 Mbps Full Duplex, anadhani “full” ni nguvu zaidi, analibofya. Kuanzia hapo ofisi inaanza kuteseka.

Waliovuka Kigongo kwenda Busisi miaka ya kivuko watalielewa hili haraka. Kivuko kinabeba magari ya upande mmoja, wa ng’ambo wanasubiri zamu. Tangu daraja lifunguliwe Juni 2025, wanaokwenda na wanaorudi wanapishana bila kusubiriana. Half duplex ni kivuko, full duplex ni daraja. Sasa ukiilazimisha kadi iwe full huku swichi imeachwa kwenye makubaliano, kadi inaacha kujadiliana. Swichi inaweza kuitambua kasi kwa kusikiliza mawimbi ya umeme kwenye waya, lakini haiwezi kujua kama ni full au half, na kanuni inaiamuru ichukue half. Kadi inatuma wakati wowote ikiamini iko darajani, swichi inangoja zamu kama iko gatini. Pakiti, yaani vipande vya data, zinagongana, zinatupwa, zinatumwa upya.

Ugonjwa huu ni mgumu kuugundua kwa sababu ping, amri ya kupima kama kompyuta nyingine inajibu, inajibiwa vizuri. Pakiti ndogo na chache hupita salama. Ukianza kunakili faili la hesabu za mwezi ndipo linatambaa. Ukishaona ping nzuri na faili linalotambaa, angalia duplex kabla ya kingine chochote. Dawa ni kurudisha makubaliano:

Set-NetAdapterAdvancedProperty -Name "Ethernet" -DisplayName "Speed & Duplex" -DisplayValue "Auto Negotiation"

Na kwa Gbps 1 juu ya kebo za shaba, makubaliano hayo si hiari. Ni sehemu ya kiwango chenyewe.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini tuhangaike na amri wakati haya yote yapo ndani ya Device Manager kwa kubofya. Kwa kompyuta moja, bofya tu. Kwa shule yenye chumba cha kompyuta au ofisi yenye mashine kumi na mbili, kubofya kunachosha na kompyuta ya tisa itasahaulika. Amri iliyoandikwa kwenye faili inaifanya kazi ile ile kila mahali, na kesho ukitaka kujua nini kilifanyika, unaisoma.

Tahadhari moja tunaisisitiza. Amri ya Set huiwasha upya kadi, kwa hiyo mtandao hukatika kwa sekunde chache. Usifanye katikati ya mauzo. Na usibadilishe kasi ya kadi ukiwa umeingia kwenye kompyuta hiyo kwa mbali: ukikosea, umejifungia nje, na mtu atalazimika kwenda hadi ilipo. Ikiwa ipo Ukerewe nawe uko Nyegezi, hiyo ni safari ya boti.

Ukiwa umebadilisha mengi na huna ile faili ya kumbukumbu, kuna njia ya kurudisha kila kitu kilivyotoka kwa mtengenezaji:

Reset-NetAdapterAdvancedProperty -Name "Ethernet" -DisplayName "*"

Kuhusu Jumbo Packet, mpangilio wa kutuma data kwa pakiti kubwa kuliko kawaida, iacheni. Inataka kila kifaa kwenye njia kikubali ukubwa uleule, na kwa duka au gesti haina faida ya kuhesabika.

Wakati wa mvua huku ziwani, radi zinaunguza kadi, na kadi iliyoungua hakuna amri inayoifufua. Get-NetAdapter ikiwa haiionyeshi kabisa, au inaonyesha Disconnected hata kwa kebo na tundu la swichi ulivyojaribu kwenye kompyuta nyingine vikafanya kazi, tuletee mashine tuipime kwa kadi ya kuchomeka kwenye USB. Kwa matatizo mengine, kabla hatujaja, tutumie picha ya majibu ya amri mbili za kwanza. Mara nyingi tunajua tatizo kabla ya kupanda daladala, na tukiona unaweza kulimaliza mwenyewe tunakuandikia amri ya kunakili, bila malipo.

Mama wa Mwaloni tulimbandikia karatasi ubavuni mwa kompyuta: tarehe, mpangilio tuliobadilisha, thamani ya zamani, thamani mpya. Kebo zake mbili zinafanya kazi. Moja tumeipeleka kwenye printa ya stoo, nyingine ipo kwenye droo, akiba.