Barua kwa Mama Wambura: Magazeti Yote Yatabaki Mezani

Kirumba, Mwanza
17 Oktoba 2015

Mpendwa Mama Wambura,

Salamu nyingi kutoka huku Kirumba. Sisi wazima. Shija amemaliza mtihani wa darasa la saba salama, na sasa anashinda nami hapa mezani akinisaidia kupanga magazeti. Mama naye miguu imepunguza kuuma. Natumaini na ninyi huko Musoma hamjambo, na Baba Wambura ameshapata nafuu ya kile kifua.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu ninayotaka kukwambia hayaenei kwenye ujumbe wa simu. Na kwenye lile kundi letu, tangu Sheria ya Makosa ya Mtandao ianze kutumika Septemba mosi, kila mtu anaandika nusu neno na kunyamaza. Barua hii nitampa kondakta wa basi la asubuhi pale Buzuruga, utaipata kabla jua halijazama.

Umeniomba niache kuuza magazeti yanayomsema vibaya mgombea wetu wa urais, Lowassa. Umesema mwanachama wa kweli hawezi kuweka silaha ya adui juu ya meza yake. Maneno hayo yameniuma, Mama Wambura, kwa kuwa yametoka kwako. Ni wewe tuliyekesha pamoja mwaka 2010 tukisubiri matokeo, mji mzima umesimama, mpaka Wenje wa chama chetu akatangazwa mbunge kwa kumshinda Masha wa CCM aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, na huku kwetu Ilemela Kiwia akashinda. Chama hiki chetu cha CHADEMA hatukukipenda kwa sababu ya kofia na kanga. Tulikipenda kwa sababu kilisema mambo ambayo wengine walikuwa wanayaficha.

Magazeti sitayaondoa. Naomba unisikilize kwa nini.

Kwanza, tunakubaliana kwamba tunaonewa. Juzi jioni, kwa kuwa hapakuwa na mpira, nilikwenda kwenye kibanda umiza kule nyuma ya soko kutazama taarifa ya habari ya saa mbili. Kituo sitakitaja. Mkutano wa mgombea wa chama tawala ulioneshwa kwa kirefu: sauti yake mwenyewe, umati umepigwa picha kutoka juu, mama mmoja akahojiwa, kijana mmoja akahojiwa. Ulipokuja wetu, mtangazaji akasimulia yeye. Mgombea anaonekana anafungua mdomo, sauti hakuna. Kamera ikaganda jukwaani, na ule umati ambao magazeti yenyewe yanauita mafuriko haukuonekana kabisa. Mzee mmoja mvuvi akauliza, "Huyu naye kasema nini?" Kibanda kizima hakuna aliyeweza kumjibu. Nikatoka pale mwili unanitetemeka kwa hasira.

Yule mzee ndiye aliyenikaa moyoni. Wewe umekulia ziwani, unajua. Watu wa dagaa kipindi cha giza wako majini usiku kucha, mchana wanaanika na kulala. Huko Ukerewe, Ukara na Kome gazeti likifika limeshakuwa la kufungia maandazi. Tangu mitambo ya analojia izimwe hapa Mwanza mwaka 2013, asiye na king'amuzi televisheni yake ni pambo la sebuleni tu. Kinachobaki ni redio. Mtu wa namna hiyo akinyimwa sauti ya upande mmoja, hana mahali pengine pa kuitafuta, na Jumapili ijayo atapanga foleni sawa na profesa wa chuo, kura yake moja na ya profesa moja.

Na hili halihitaji hisani ya mtu. Sheria ya Uchaguzi inawapa wagombea wa urais na vyama vyao haki ya kutumia redio na televisheni ya serikali wakati wa kampeni, na inavitaka vyombo vya habari vya serikali visibague. Ile redio inalipiwa na kodi ya mwenye mtumbwi wa CCM na kodi ya mwenye mtumbwi wa CHADEMA. Gazeti la Uhuru la CCM likimsifu mgombea wao Magufuli kuanzia ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho, silalamiki, ni gazeti la chama, na kila anayelinunua hapa kwangu anajua hivyo. Lakini chombo kinacholishwa na wote kikiegemea upande mmoja, hapo nasema tumedhulumiwa, na nitasema hata mbele ya mkuu wa wilaya.

Tena fikiria jambo hili. Katiba yetu, ibara ya 41(7), inasema Tume ya Uchaguzi ikishamtangaza Rais hakuna mahakama inayoweza kuuchunguza ushindi huo. Wajumbe wa Tume wenyewe wanateuliwa na Rais. Basi haki yote inabidi itendeke kabla ya siku ya kura, masikioni mwa watu, kwa maana baada ya hapo mlango umefungwa. Ndiyo sababu ile kauli ya Nape wa CCM, kwamba watashinda hata kwa goli la mkono, iliniudhi kuliko matusi yote ya kampeni hizi. Na ndiyo sababu nasikitika kuona wagombea urais wawili wakubwa, Magufuli na Lowassa, hawajakaa jukwaa moja kuulizwa maswali, wakati mwaka 1995 Mkapa, Mrema, Lipumba na Cheyo walikaa na nchi ikawasikiliza.

Hapo tuko pamoja. Tunapoachana ni hapa: wewe unataka haki hiyo kwa ajili ya upande wetu tu. Magazeti uliyoniambia niyaondoe ni ya watu binafsi, na kosa lake ni kukumbusha kashfa ya Richmond. Mama Wambura, Richmond ni uongo? Nani alitufundisha neno hilo? Mwaka 2006 ukame ulikausha mabwawa, umeme ukawa wa mgawo, kampuni hiyo ya Richmond isiyokuwa na uwezo ikapewa mkataba wa kuzalisha megawati 100. Kamati ya Bunge ya Mwakyembe ikachunguza, na tarehe 7 Februari 2008 Lowassa akajiuzulu uwaziri mkuu. Kabla ya hapo, Septemba 2007, Dk. Slaa wa chama chetu alisimama viwanja vya Mwembeyanga kule Dar na orodha ya mafisadi, na jina la Lowassa lilikuwamo. Tuliirudia orodha ile kwenye kila kijiwe, wewe ukiijua kwa mpangilio wake bila karatasi. Watu wa huku walijiunga na chama kwa sababu ya orodha ile! Wengine walifukuzwa kazi na waume zao wakawasema. Leo gazeti likichapa habari ileile, kwa maneno yaleyale tuliyoyasema sisi, eti limenunuliwa.

Sisemi Lowassa hana haki ya kujitetea. Siku ile bungeni alilalamika kwamba kamati haikumpa nafasi ya kusikilizwa, na Julai mwaka huu alipokuja kwetu baada ya CCM kumkata jina kule Dodoma, alisema mwenye ushahidi aende mahakamani. Miaka saba imepita, hakuna aliyempeleka, na serikali iliyokuwa na mafaili yote ilikuwa ya chama chake cha zamani. Hoja hiyo ina uzito na mimi mwenyewe naitumia ninapobishana na makada wa CCM hapa mezani. Kinachonichoma ni viongozi wetu. Hawakukaa na sisi wanachama wa chini wakatueleza, "Tulisema vile mwaka 2007 kwa sababu hizi, leo tunasema hivi kwa sababu hizi." Tuliamka asubuhi tukaambiwa tuimbe mabadiliko. Anayeuliza anaambiwa ni mamluki.

Na Dk. Slaa je? Alipoitisha mkutano wa waandishi pale hoteli ya Serena, Septemba mosi, na kutangaza kuachana na siasa za vyama, nilikuwa na wateja wasiopungua ishirini wamezunguka redio yangu. Wengine walilia. Mwaka 2010 mtu yule alikuwa mgombea wetu wa urais, tulimbeba kwa nyimbo kutoka huku mpaka Furahisha. Kufikia jioni kundi letu lote linamwita msaliti. Mimi sikubaliani na uamuzi wake wa kuondoka vitani saa ya vita. Lakini televisheni zilizorusha maneno yake moja kwa moja hazikutuonea. Lilikuwa tukio kubwa na nchi ilitaka kusikia. Prof. Lipumba naye alijiuzulu uenyekiti wa CUF Agosti, kwa sababu hiyohiyo ya Lowassa. Hao wote wawili wamenunuliwa? Watu wote wenye swali wananunuliwa?

Halafu ule utafiti wa maoni wa shirika la Twaweza, Magufuli asilimia 65, Lowassa 25. Uliniambia nichane magazeti yaliyouchapisha. Utafiti wa namna ile una mahali pa kuuliza: wanapiga simu kwa watu waliowachagua tangu awali na kuwapa simu, basi uliza watu hao wanawakilisha nani, uliza mtu wa kijijini anayepigiwa simu na mgeni atathubutu kusema atachagua upinzani? Hayo ni maswali ya mtu mzima. Ninawaambia hapa mezani na wananielewa. Nikichana gazeti, mteja atakwenda meza ya jirani kulinunua, na atajua kwamba mimi naogopa namba.

Nikueleze kidogo meza yangu ilivyo siku hizi, maana hujafika tangu kampeni zianze. Magazeti yakishuka kutoka Dar, kabla sijayakata kamba watu wameshasimama. Wapagazi wa Mwaloni, madereva wa malori ya dagaa, kina mama wa sangara wa kukaanga. Wengi hawanunui, wanasoma vichwa vya habari wakiwa wamefunga mikono nyuma. Wa kwetu wanakuja na vidole viwili juu, wa CCM wanajibu "Hapa Kazi Tu", wanataniana, wanagombana, mara nyingine nawafukuza wote. Ila kuna jambo nimeliona na limenipa moyo. Kijana mmoja wa bodaboda, CCM damu, kwa kuwa Magufuli ni mtu wa Chato na huku Kanda ya Ziwa wengi wanasema ni zamu ya mwenzetu, kila asubuhi anaazima gazeti la upande wetu, anasoma habari za mkutano, ananirudishia, kisha ananunua la kwake. Juzi akaniuliza kwa sauti ya chini kuhusu Katiba mpya, kwa nini rasimu ya Warioba haikufika mwisho. Nikamweleza. Kama ningeweka magazeti ya upande mmoja tu, yule kijana asingesimama kwangu hata siku moja. Wewe ungetaka nimpate wapi?

Nilimkumbuka pia Mchungaji Mtikila, Mungu amrehemu, tulipopata habari za ajali yake mwanzoni mwa mwezi huu. Alihangaika mahakamani miaka na miaka kudai mgombea binafsi, yaani mtu aweze kugombea bila chama. Mahakama Kuu ikampa haki, Mahakama ya Rufani ikaiondoa mwaka 2010, na Mahakama ya Afrika pale Arusha ikampa tena mwaka 2013. Mpaka leo haijatekelezwa. Mtu akikatwa na chama chake lazima akimbilie chama kingine, na chama kinachompokea lazima kimeze maneno yake ya jana. Sidhani kama haya yetu ya mwaka huu yangetufika kama kesi ile ingeheshimiwa.

Sasa usije ukasikia mitaani kwamba Kabula amehama. Kadi yangu ninayo. Kura zangu zote tatu, ya diwani, ya mbunge na ya Rais, nitawapa wa UKAWA, umoja wetu wa vyama vya upinzani, kwa sababu chama kimoja kimekaa madarakani tangu uhuru, na nataka mwanangu aone kwamba serikali inaweza kuondoka kwa karatasi. Nimejitolea kuwa wakala kituoni kwetu. Haya mabishano ya kukaa mita 200 kulinda kura nimeyaacha kwa wanaume. Mimi nataka kuwa ndani, nione kura zinavyohesabiwa, nisaini fomu, nione matokeo yakibandikwa ukutani. Na baada ya uchaguzi, tukishinda au tukishindwa, nitasimama kwenye kikao cha kata niulize lile swali la 2007. Tukishinda nitauliza kwa sauti kubwa zaidi.

Naomba nawe uniandikie. Niambie hiyo redio mnayosikiliza huko inawapa wa kwetu nafasi kiasi gani, na kama umesikia hata mara moja sauti ya mgombea wetu mwenyewe badala ya mtangazaji. Niambie pia, wewe binafsi, bila maneno ya kundi, Richmond unamweleza vipi Wambura akikuuliza. Mpe majibu kondakta huyuhuyu kabla ya Ijumaa, maana Jumamosi nitakuwa nashughulikia mambo ya uwakala na Jumapili ndiyo yenyewe.

Msalimie Baba Wambura na watoto wote. Shija anasema anataka kuja likizo ya Desemba.

Ni mimi mwenzako,
Kabula, Mama Shija