Malalamiko kuhusu mpango wa kukabiliana na maafa uliotuacha bila mfumo siku sita

Kwa Mkurugenzi wa Huduma kwa Wateja,

YAH: KUSHINDWA KUREJESHA DATA ZETU BAADA YA MAFURIKO KATIKA CHUMBA CHA SEVA

Ndugu Mkurugenzi,

Mkataba wetu unasema wazi kwamba likitokea janga, mfumo wetu utarudi kazini ndani ya saa 4, na data tutakazopoteza hazitazidi kazi ya saa 1. Bomba lilipopasuka usiku ndani ya jengo lenu, tulikaa siku 6 bila mfumo. Uliporudi, rekodi za wiki 3 hazikuwemo.

Silalamikii bomba. Mabomba hupasuka, na ni kwa ajili ya usiku kama huo tumekuwa tukiwalipa kila mwezi. Ninacholalamikia ni kwamba nakala rudufu, yaani nakala za akiba za data zetu, mlikuwa mmeziweka katika jengo lilelile, ghorofa ya chini ya seva zenyewe, zikalowa pamoja. Kila fundi anaijua kanuni ya 3-2-1: nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, na moja ikae mbali. Kituo cha data kilipoungua Strasbourg, Ufaransa, Machi 2021, wapo wateja waliopoteza kila kitu kwa sababu nakala zao zilikuwa palepale penye moto. Tangu hapo mlikuwa na muda wa kutosha kuhamisha zetu.

Kilichoniumiza zaidi nilikisikia kwa fundi wenu, ambaye namshukuru kwa kusema kweli. Diski ya nakala ilijaa wiki 3 kabla ya mafuriko. Tangu siku hiyo programu ilikuwa ikiandika mafaili matupu, lakini kila asubuhi nilipokea baruapepe yenu: "Nakala imekamilika." Ujumbe huo ulithibitisha tu kwamba programu imewaka na kuzima. Hakuna aliyefungua faili hata moja kuona kama lina kitu ndani. Jaribio moja tu la kurejesha data, hata la nusu saa, lingewaonyesha hitilafu hiyo mapema.

Namba ya dharura iliyomo kwenye mpango wenu wa maafa ilikuwa ya mtumishi aliyekwisha kuacha kazi kwenu. Zilipita saa 11 nzima kabla sijapata mtu wa kuzungumza naye.

Kwa siku hizo mhasibu wetu aliwapigia wateja mmoja mmoja kuwaomba watutumie ankara tulizowapa sisi wenyewe. Wapo waliotusaidia kwa moyo mweupe, wapo walioanza kuuliza kama taarifa zao ziko salama mikononi mwetu. Sikuwa na jibu la kuwapa. Wafanyakazi wangu tisa walichelewa kulipwa mishahara, na wao hawakuwa wamekosea lolote.

Punguzo la mwezi mmoja mlilotupa silikubali. Naomba mturudishie ada yote ya huduma ya nakala kwa mwaka huu, kwa kuwa huduma hiyo haikuwepo. Naomba pia maelezo ya maandishi ya kilichotokea, yaliyotiwa saini na mkuu wa ufundi, nakala yetu moja ihamishiwe kituo cha mbali, na jaribio la kurejesha data lifanyike kila baada ya miezi 3 mhasibu wangu akiwepo na kuhakiki rekodi kwa macho yake.

Nasubiri majibu yenu ndani ya siku 14. Yasipofika, nitavunja mkataba na kupeleka madai yangu kwa mwanasheria.

Wako,
Mmiliki wa biashara