Wabunifu majengo, tufuateni huku tunakojenga

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na Chama cha Wabunifu Majengo Tanzania (AAT).

Huku Mbagala anayetaka kujenga huanzia kwa fundi. Ramani anainunua kwenye duka la fotokopi, imenakiliwa mpaka vipimo havisomeki. Ilichorwa kwa kiwanja cha mtu mwingine, na hakuna anayeuliza kiwanja hicho kilielekea wapi. Ndiyo maana utakuta nyumba mpya kabisa, vyumba vyote vya kulala vinatazama magharibi, ukuta unachomwa na jua alasiri nzima, na upande unakotoka upepo wa kusi wamejenga choo na stoo. Mwenye nyumba analala na feni mwaka mzima.

Mbunifu tunamwona ni wa wenye maghorofa. Sikubali kwamba kosa ni letu peke yetu. Bodi ya usajili wa wabunifu majengo ipo kwa Sheria Na. 4 ya mwaka 2010, kazi yake kusajili na kusimamia. Chama ni chenu wenyewe wanataaluma, hamhitaji kuagizwa na mtu ili mtufuate tulipo.

Jengo la mtaa wa Indira Gandhi, hapa Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu 36 Machi 2013. Novemba 16, 2024 likaporomoka la Kariakoo, wakafa zaidi ya 20. Tunataka kuelezwa na ninyi, kwa Kiswahili chepesi, nguzo inabeba nini, na kwa nini msingi uliopigiwa hesabu ya ghorofa mbili hauongezewi ya tatu. Mpangaji akijua hayo atahoji mapema.

Ujuzi mnao. Soko la Kariakoo, lililofunguliwa 1975, alilibuni Mtanzania, Beda Amuli, na paa lake la zege lenye umbo la miavuli linafaa joto letu. Maarifa hayo yanashindwaje kufika kwenye nyumba ya vyumba vitatu?

Ombi langu: kaeni na manispaa, muwe na meza ya ushauri ofisi za kata walau siku moja kwa wiki, na mtoe ramani chache za mfano kwa bei tunayoimudu, zikionyesha nyumba ielekezwe wapi. Mafundi nao muwaite, maana ndio tunaowasikiliza. Najua wapo watakaosema ramani za bei nafuu zitaua soko lao. Sisi hatujawahi kuwa wateja wao. Pesa yetu inaishia kwenye fotokopi.

Msomaji,
Mbagala, Dar es Salaam