Ni TB, mwanangu, si sukari peke yake

Kibaigwa

Mwanangu mpenzi,

Baba yako yupo nyumbani, anakula, na asubuhi hii tumebishana kuhusu mbuzi. Kwa hiyo usikimbilie stendi. Soma kwanza.

Kile kikohozi ni TB. Krismasi ulimkuta suruali zinampwaya, tukasema ni sukari. Kuchoka, sukari. Jasho la usiku mpaka shuka linalowa, nikadhani sukari imeshuka, namkorogea maji ya sukari! Kila mwezi alikwenda kliniki, akatobolewa kidole, akaandikiwa vidonge. Kikohozi hakuna aliyemuuliza, naye unamjua, asichoulizwa hasemi. Ni juzi tu makohozi yalipopimwa.

Daktari kaniambia sukari ikikaa juu muda mrefu kinga ya mwili inalegea, na mwenye kisukari yuko kwenye hatari ya kuugua TB mara 2 hadi 3 zaidi ya asiye nacho. TB nayo ikishaingia inaipandisha sukari. Kila mmoja anampalilia mwenzake.

Dawa ni za miezi 6, bure. Siku ya kwanza mkojo ulitoka rangi ya chungwa, akanificha akidhani ni damu. Kumbe ni rifampisini, mojawapo ya dawa zake za TB. Hiyohiyo inapunguza nguvu ya vile vidonge vyake vya zamani vya sukari, ndiyo maana wamemwanzishia insulini. Namchoma mimi. Mara ya kwanza mkono ulinitetemeka, akanicheka, akasema hata kuku nachinja vizuri zaidi. Kuna na vidonge vya vitamini B6 kwa ajili ya ganzi ya miguu, maana kisukari kinaileta na dawa moja ya TB inaileta pia. Kazi iliyobaki ni sahani: hamu ya kula imerudi, anautaka ugali wa uwele kama wa mtu wa jembe, nami nampunguzia tonge na kumwongezea mlenda. Ananuna.

Sasa wewe. Ulilala naye wiki tatu kwenye ile nyumba ya tembe, dirisha kama tundu la panya. Nenda ukapimwe huko mjini hata kama hukohoi, na uwaambie umeishi na mgonjwa. Upimwe na sukari, maana babu yako alikuwa nayo. Mdogo wako kashapimwa, hana kitu.

Dirisha fundi anakuja kulipanua Jumamosi. Majibu yako tuma kwa simu ya mama mkubwa, yangu imepasuka kioo.

Mama yako