Mnaopiga Ngome Kongwe: kwa nini tunadai muda wa saa mbili kabla ya Magharibi

Msimu wa maonyesho ukikaribia, simu zetu sisi tunaokodisha vyombo vya sauti hazitulii, na swali la kwanza karibu kila mara ni hilihili: "Spika zenu zina ukubwa gani?" Nalo ni la haki, lakini sisi huanza na jengine: mtafika saa ngapi? Kikundi kinachotukodi kwa onyesho la taarab Ngome Kongwe, pale Mji Mkongwe Unguja, hutupa muda wa saa mbili za kujaribu sauti, baada ya sala ya Alasiri, na tunamaliza kabla ya Magharibi. Bila ya hapo hatuchukui kazi, hata mkiongeza pesa. Wapo wanaosema tuna maringo, kwa hivyo hebu tueleze.

Ngome ile ilijengwa kuzuia adui. Waomani waliisimamisha baada ya kuwatoa Wareno mwishoni mwa karne ya 17, na kuta zake ni nene, za mawe ya matumbawe na chokaa. Muziki wa jukwaani umekuja baadaye sana. Sasa sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, kwa hivyo ukuta ulio mita 17 mbele ya spika unairudisha baada ya sehemu ya kumi ya sekunde. Mwimbaji anatamka neno, na ukuta unamtamkia tena. Katika rusharoho ya kinanda na gitaa hilo linavumilika. Katika taarab asilia, ambapo watu wamekuja kusikiliza maneno, shairi zima linageuka uji. Dawa yake ni kuzielekeza spika chini, kwenye vichwa vya wasikilizaji, na kuongeza spika ndogo za pembeni badala ya kupandisha zile kubwa. Kazi hiyo haifanyiki watu wakishakaa.

Msishangae alasiri mkisikia sauti inapasua masikio. Uwanja mtupu hupiga kelele kuliko uwanja uliojaa, maana miili ya watu na nguo zao hunyonya sauti. Fundi wetu anajua usiku utapunguza kiasi gani, na mtu wa kikundi akianza kusogeza vidole kwenye mikisa, meza ya kuchanganyia sauti, "kidogo tu", tunaanza upya.

Sisi huanza na kanuni, ile ala ya nyuzi. Mafundi wengi huanza na ngoma kwa mazoea ya bendi, na kwa taarab tunaona ni kwenda kinyume. Kanuni ina nyuzi zaidi ya 70 lakini sauti yake ni ndogo. Akodiani na ngoma ya dumbak zikishapewa nafasi kwanza, kanuni haipati pa kukaa. Kwa hivyo mpigaji wa kanuni akae, afungue, aweke nyuzi zake sawa taratibu, na hapo hatumharakishi. Ikishasikika mpaka ngazi za juu, ndipo tunaongeza udi, kisha fidla, kisha nai (filimbi) kama ipo, na ngoma mwisho. Fidla nne hazihitaji maiki nne. Mbili zinatosha, mradi wapigaji wasibadilishane viti baada ya kujaribu. Hilo la viti linatusumbua kuliko umeme.

Rika (tari ndogo) na dumbak za ngozi ni habari nyengine. Unyevu wa usiku unazilegeza, na rika iliyolia vizuri saa kumi jioni inaweza kuwa bubu ifikapo saa tatu usiku. Leteni ya akiba, au muwe na mahali pa kuipasha moto wakati wa mapumziko. Zile za plastiki hazina tabu hiyo, ingawa wazee wa fani hawazipendi, na kwa upande wa mlio wana haki.

Tuje kwenye tuzo, maana hapo ndipo spika zinapopiga mluzi na lawama zikatuangukia. Bi mmoja anainuka na noti yake, anakuja kwa mwendo wa madaha, anasimama mbele ya mwimbaji. Mwimbaji anataka kuipokea kwa heshima, anahamishia maiki mkono wa kushoto, mkono unashuka, na kichwa cha maiki kinaitazama monita, spika ya kujisikilizia mwimbaji, iliyo miguuni pake. Papo hapo mluzi. Hatuwezi kuwaambia watu wasitunze, taarab bila tuzo ni mazoezi. Kwa hivyo monita tunaziweka pembeni, tunaacha njia pana mbele ya jukwaa, na kila waya tunaugandisha chini kwa tepu ili viatu virefu na mikia ya mabuibui visiukamate. Waimbaji nao wasikifumbate kichwa cha maiki kwa kiganja. Kinapendeza kwenye picha, lakini kikifunikwa maiki hukusanya sauti kutoka kila upande, na mluzi unarudi.

Wengi huomba maiki zisizo na waya. Tunazo na tunazikodisha. Ila kwa mwimbaji anayesimama mahali pamoja wimbo mzima tunashauri yenye waya, haiishiwi betri katikati ya ubeti.

Bustani ya Forodhani ni kazi tofauti na bei yake ni tofauti. Pale hakuna ukuta wa kurudisha sauti, lakini upo upepo wa baharini, kaskazi mwanzo wa mwaka na kusi katikati, na maiki isiyovishwa sponji inavuma tu. Chumvi nayo inakula vichwa vya waya. Mnaotuuliza kwa nini tunasafisha kila waya baada ya kazi ya pwani, sababu ni hiyo.

Ramadhani taarab hunyamaza, kisha Sikukuu kila kikundi kinataka usiku uleule. Miaka hii Idi el-Fitri inaangukia Machi, masika yanapoingia, na uwanja wa Ngome hauna paa. Anayepanga onyesho la Sikukuu atuite mapema, na azungumze na wenye uwanja kuhusu usiku wa akiba.

Mkipiga simu, tuambieni wapigaji ni wangapi, fidla ngapi, kanuni ina pikapu yake (kinasa mlio kinachofungwa kwenye ala) au inahitaji maiki, na waitikiaji watakaa au watasimama. Muda wa kuanza tunashauri uwe baada ya Isha, saa mbili na nusu, ili adhana isikute mtu ameshika maiki. Mvua ikianza, fundi anazima umeme wa jukwaa kwanza na kufunika mikisa kwa turubai. Maulizo baadaye, na kwa hilo haombi ruhusa ya mtu, hata kama kiongozi wa kikundi yuko katikati ya wimbo.